Krokoiti: tujue inavyoumbika kabla ya kwenda kuitafuta

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie makala mliyochapisha hivi karibuni kuhusu krokoiti, madini mekundu ya risasi ambayo mwandishi wenu aliyaeleza kuwa ni adimu kuliko dhahabu. Picha zilipendeza, na sifa za jiwe zinazoonekana kwa macho zilielezwa vya kutosha. Kilichoachwa ni namna jiwe lenyewe linavyoumbika ardhini, na pengo hilo si dogo kwa wasomaji wa huku Tabora, Kaliua na Mpanda, ambako siku hizi madalali hupita kwenye maduara ya wachimbaji wadogo wakiulizia "jiwe jekundu la risasi" na kuahidi bei nono bila kuonyesha hata kipande cha mfano. Mimi nimefundisha kemia katika shule za sekondari za mkoa huu mpaka nikastaafu, na hoja yangu ni moja: mtu akishaelewa krokoiti inazaliwa vipi, hatahitaji kuelekezwa na dalali aitafute wapi, wala kuambiwa ataitambuaje, na ataona mwenyewe kwa nini hapaswi kuisaga uani kwake.

Krokoiti ni kromati ya risasi, ambayo fomula yake ni PbCrO4. Kwa uzito, takribani asilimia 64 ya jiwe hilo ni risasi, asilimia 16 ni kromiamu, na iliyobaki ni oksijeni. Ndiyo maana kipande kidogo tu hulemea kiganja: densiti yake ni karibu gramu 6 kwa kila sentimita moja ya ujazo, wakati ile ya kwatzi, lile jiwe jeupe ambalo kila mchimbaji wa dhahabu analifahamu, ni 2.65 tu. Fuwele zake huwa ndefu na nyembamba, zenye pande zilizonyooka na mng'ao mkali, nyingine zikiwa na uwazi katikati, na rangi yake huanzia machungwa hadi nyekundu iliyokolea. Pamoja na uzito huo wote, ni jiwe laini. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho huanzia 1 hadi 10, krokoiti ipo kati ya 2.5 na 3, kiasi kwamba kisu cha jikoni huikwaruza bila shida.

Wasomaji waliofanya mtihani wa kemia kwa vitendo huenda wamekwisha kuitengeneza pasipo kujua. Mwanafunzi anayetafuta ioni za risasi kwenye myeyuko hudondoshea matone ya kromati ya potasiamu, na papo hapo hutokea mashapo ya manjano ambayo hayayeyuki hata neli ikitikiswa sana. Mashapo hayo ndiyo kromati ya risasi, kitu kilekile kinachounda krokoiti. Tofauti iko kwenye mwendo. Ndani ya neli, myeyuko miwili hukutana kwa kishindo, chembe zisizo na idadi hutungika kwa wakati mmoja, na hakuna hata moja inayopata nafasi ya kukua. Chini ya ardhi, risasi na kromiamu hufikiana kidogo kidogo ndani ya maji yanayopenya polepole kwenye nyufa za mwamba, na kila chembe mpya hujipachika juu ya ile iliyotangulia mpaka fuwele ifikie urefu wa kushikika kwa vidole. Fuwele hiyo nyekundu ukiisaga, unga wake unarudi kuwa wa manjano yenye uchungwa. Jambo hilo lilikuwa likiwashangaza sana wanafunzi wangu, na nadhani lilistahili kuwamo katika makala yenu kuliko ile aya ndefu kuhusu wakusanyaji wa madini wa Ulaya.

Sasa niingie kwenye maumbile yenyewe. Risasi nyingi ardhini hukaa ndani ya galena, ambayo ni salfaidi ya risasi, jiwe la kijivu linalong'aa na ambalo likipigwa hupasuka vipande vyenye pembe za mraba. Galena huletwa na maji ya moto yenye chumvi nyingi yanayopanda kwenye nyufa za miamba, yakapoa na kuacha mzigo wake katika kile ambacho wachimbaji wetu hukiita rifu. Mwamba wenye rifu hiyo ukimomonyoka hadi galena ikawa karibu na uso wa ardhi, maji ya mvua yenye oksijeni huanza kuila. Salfaidi hugeuka salfeti, na mahali penye kaboneti ya kutosha hugeuka kaboneti ya risasi, jiwe jeupe au la kijivu hafifu linaloitwa serusiti. Madini ya chuma yaliyokuwa pamoja na galena huoza pia na kubaki udongo wa kutu, wenye rangi ya kahawia na uliojaa vishimo. Ukanda huo wa juu, ulio kati ya uso wa ardhi na usawa wa maji ya chini, ndio unaozaa karibu madini yote ya risasi yenye rangi za kuvutia.

Lakini ukanda huo peke yake hautoi krokoiti, kwa sababu galena haina kromiamu. Kromiamu hutoka kwenye familia nyingine kabisa ya miamba, ile mizito na myeusi iliyoganda kutokana na uji wa moto uliopanda kutoka vina virefu vya dunia, na ndani yake hufungwa kwenye madini yaitwayo kromiti. Katika uji huo wa moto, kromiti ni miongoni mwa madini ya kwanza kabisa kuganda, ilhali risasi hukataa kuganda na wenzake wa mwanzo, huachwa mpaka mwisho, na hatimaye huondoka na maji ya moto kwenda kutafuta nyufa mahali pengine. Elementi hizi mbili, kwa hiyo, huachana mapema sana katika safari ya mwamba, na kwa kawaida hazionani tena.

Ili zionane, lazima mambo matatu yatokee katika sehemu moja. Rifu ya risasi iwe imepita ndani ya mwamba wenye kromiamu au ubavuni kwake. Vyote viwili viwe vimeoza kwa hewa na maji. Tena kromiamu ipate kubadilika kutoka hali yake ya kawaida, ambayo haiyeyuki kwa urahisi kwenye maji, iwe kromati ambayo huyeyuka na kusafiri. Hatua hii ya mwisho ndiyo ngumu, kwani oksijeni ya hewani peke yake huifanya kwa kujikokota mno, na kinachoiwezesha hasa ni oksaidi za manganizi, ule weusi wa masizi unaoonekana kwenye nyufa za miamba iliyooza. Kromati ikishaingia kwenye maji na kukutana na risasi, haisafiri tena, kwa kuwa kromati ya risasi karibu haiyeyuki kabisa. Inatua palepale. Huu ndio uadimu wa krokoiti: risasi imejaa duniani, kromiamu imejaa duniani, ila mahali ambapo masharti yote yalitimia pamoja pakabaki na matundu ya kutosha kwa fuwele kukua ni pachache mno.

Maeneo yanayojulikana yanaonyesha hivyo. Mara ya kwanza jiwe hili lilielezwa na wataalamu katika karne ya 18, kutoka migodi ya dhahabu ya Berezovsk karibu na Yekaterinburg, katika milima ya Ural nchini Urusi. Vielelezo vizuri kuliko vyote hutoka Dundas, kisiwani Tasmania nchini Australia, ambako rifu za risasi na fedha zilipita kwenye mwamba uliokuwa na kromiti, na mwaka 2000 jimbo hilo liliichagua krokoiti kuwa madini yake ya nembo. Kwa Afrika, imepatikana Penhalonga nchini Zimbabwe. Yapo maeneo mengine kadhaa, Brazili na Ufilipino yakiwamo, lakini orodha haiwi ndefu.

Tuje huku kwetu. Risasi ya Mpanda si uvumi. Reli inayochepuka kutoka Kaliua kwenda Mpanda, takribani kilomita 210, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa Mukwamba, ambao galena yake ilikuwa na shaba, fedha na dhahabu ndani yake, na mgodi huo ulifanya kazi hadi mwaka 1960. Kila anayepanda treni ya Mpanda leo akiwa na magunia yake ya mchele anapita juu ya njia iliyowekwa kwa sababu ya risasi. Kromiamu nayo haikosekani upande wetu huu wa nchi, kwa sababu huko Kapalagulu, mkoani Kigoma, karibu na mwambao wa Ziwa Tanganyika, upo mwamba mkubwa wa ile familia mizito niliyoitaja, ambao umefanyiwa utafiti kwa ajili ya nikeli na platinamu, na matabaka yenye kromiti yamo ndani yake. Tunazo, basi, zote mbili. Ila moja iko bara huko Mpanda na nyingine iko ziwani, na kati yake kuna milima na mapori ambayo hakuna tone la maji lililowahi kuyavuka likiwa limebeba kromati mkononi. Dalali anayemtuma kijana akavunje mawe ya Mpanda atafute krokoiti kwa kuwa tu pana risasi amechukua nusu ya habari na kuiuza kama habari nzima. Swali la kumuuliza ni fupi: mwamba wa kromiamu uko umbali gani na rifu hii? Akishindwa kulijibu, hana anachokijua zaidi ya picha ya gazetini.

Hilo halimaanishi kwamba kijana huyo hatakuta jiwe jekundu. Atakuta, tena mengi, kwa kuwa wekundu wa mawe ya kwetu kwa sehemu kubwa ni kutu ya chuma. Namna ya kutofautisha ni rahisi na haihitaji mashine. Chukua kipande cha kigae cha sakafuni, kigeuze upande wa nyuma ambao haujapakwa kioo, kisha ukwaruze jiwe juu yake kwa nguvu kiasi. Hematiti, madini ya chuma, itaacha mstari wa rangi ya damu iliyokauka. Kupriti, madini ya shaba ambayo pia ni mekundu na mazito, itaacha mstari wa kahawia yenye wekundu. Ganeti haitaacha rangi yoyote ila itakichana kigae chenyewe, kwa sababu ni ngumu kukizidi. Krokoiti itaacha mstari wa manjano unaoelekea uchungwa, na jiwe litalika mara moja. Yapo madini mengine machache yenye mstari unaokaribiana na huo, mojawapo likiwa na sumu ya aseniki, kwa hiyo kipimo cha kigae ni cha kukataa zaidi kuliko cha kukubali: mstari usipokuwa wa manjano, maneno yameisha, na ukiwa wa manjano, jiwe lifungwe kwenye mfuko na lipelekwe maabara. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya hapo, hata kama ni mstari mmoja tu uliochorwa.

Kuhusu bei, mwandishi wenu aliandika kana kwamba uadimu na thamani ni kitu kimoja. Risasi inayoyeyushwa viwandani hutoka kwenye galena na vyuma chakavu, hasa betri za magari, na kromiamu hutoka kwenye kromiti, kwa hiyo hakuna kiwanda kinachoihitaji krokoiti kwa ajili ya lolote kati ya hayo mawili. Kito cha pete nacho haiwezi kuwa, kwani kwa ulaini wake ingechakaa katika muda mfupi wa kufua na kuosha vyombo. Anayeinunua ni mkusanyaji wa madini au jumba la makumbusho, na hao hulipia fuwele nzima, zenye ncha ambazo hazijavunjika, zikiwa bado zimesimama juu ya mwamba wake. Fuwele hizo huvunjika kwa kuguswa vibaya tu, na zikiachwa kwenye mwanga mkali kwa muda mrefu hufifia mng'ao wake. Jiwe lililong'olewa kwa nyundo, likatiwa kwenye kiroba na kusafirishwa juu ya bodaboda hadi mjini linafika likiwa unga na vipande visivyo na mnunuzi.

Matumizi ya maana ya krokoiti yalikuwa kwa mkemia Mfaransa Louis-Nicolas Vauquelin, ambaye mwaka 1797 aligundua kromiamu kwa kulichunguza jiwe hilo kutoka Urusi. Kromati ya risasi ya kutengenezwa kiwandani ikawa rangi ya manjano iliyopendwa sana katika karne ya 19. Vincent van Gogh aliitumia katika michoro yake ya maua ya alizeti, na sehemu za manjano hiyo zimekuwa zikigeuka kahawia kwa sababu kromiamu iliyomo, ikipigwa na mwanga, hurudi kwenye ile hali yake ya kutoyeyuka. Rangi hiyo imeendelea kuleta balaa mbali na michoro. Nchini Bangladesh watafiti waliikuta imechanganywa kwenye manjano ya unga, kile kiungo cha pilau na mchuzi, ili kiwe na rangi ya kuvutia sokoni, na watu walikuwa wakila risasi pamoja na wali wao.

Hapo ndipo penye kunikera zaidi katika makala yenu, kwa kuwa neno sumu halikutajwa hata mara moja. Tabia ya wachimbaji kulipima jiwe kwa kulilamba ili lionyeshe rangi inajulikana na kila aliyewahi kusimama kwenye duara, na kazi ya kuponda mawe kwa kinu au kusaga kwa karasha mara nyingi hufanyika karibu na nyumba, watoto wakicheza kwenye vumbi hilohilo. Krokoiti ina risasi, na kromiamu yake imo katika hali ile inayosababisha saratani ikivutwa kama vumbi. Hata hivyo hofu yangu kubwa haiko kwenye krokoiti, ambayo wengi hawataiona maishani, bali kwenye madini mengine ya risasi watakayoyaponda wakiitafuta, hasa serusiti, ile kaboneti nyeupe isiyovutia macho, kwa kuwa kaboneti ya risasi huyeyuka kwenye asidi ya tumboni kwa urahisi kuliko galena yenyewe.

Mfano upo. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini-magharibi mwa Nigeria, wachimbaji wadogo wa dhahabu walikuwa wakisaga majumbani mawe yaliyokuwa na risasi nyingi, sehemu kubwa ikiwa imeshaoza na kuwa kaboneti. Watoto wanaokadiriwa kuzidi 400 walikufa, na waliopona wengi walibaki na madhara ya ubongo. Wazazi wao hawakuwa wakitafuta risasi, walikuwa wakitafuta dhahabu, kama watu wetu wanavyofanya. Karibu nasi zaidi ni Kabwe nchini Zambia, ambako mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994 baada ya takribani miaka 90 ya kazi, na mpaka leo udongo wa vitongoji vinavyouzunguka unawaingiza watoto risasi kwenye damu. Mtoto huidaka risasi kwa wingi kuliko mtu mzima, na madhara kwenye akili yake hayaponyeki kwa dawa.

Kwa hiyo, Mhariri, ninaomba mchapishe nyongeza ya makala hiyo, hata ikiwa fupi, yenye mambo yafuatayo ambayo hayakuwamo: kwamba krokoiti hupatikana tu pale rifu ya risasi ilipogusana na mwamba wenye kromiamu, kwamba haina soko viwandani, na kwamba mawe ya risasi ya aina yoyote hayasagwi nyumbani wala hayalambwi. Wasomaji waelekezwe pia kwamba mwenye jiwe asilolitambua anaweza kulipeleka kwa Afisa Madini Mkazi wa mkoa wake, au sampuli ikatumwa Dodoma kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, ambako kuna maabara ya kazi hiyo, na kwamba Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamtaka dalali wa madini awe na leseni, ambayo mchimbaji ana haki ya kuomba aonyeshwe kabla ya mazungumzo ya bei kuanza.

Jambo la mwisho ni kuhusu zile picha. Zilikuzwa sana na hazikuwa na rula wala sarafu pembeni, na sasa wapo vijana huku wanaoamini kwamba fuwele za krokoiti zina ukubwa wa gunzi la mahindi. Nyingi, hata zile za Dundas, ni za sentimita chache tu. Mkizichapa tena, tafadhali wekeni kipimo.

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Tabora.